Re: GarageBand au Loopy Pro kwa lupu za jukwaani?

Mkuu, kwa kuwa unataka kurekodi na pia kupiga lupu (vipande vya sauti vinavyojirudia) mbele ya watu kwa iPad, anza na GarageBand, programu ya muziki ya Apple. Ni ya bure, na sehemu yake ya Live Loops itakuzoesha kuwasha na kuzima vipande bila kutoka kwenye mdundo. Ila ukianza kujirekodi sauti papo hapo, tabaka juu ya tabaka, hamia Loopy Pro, programu ya kurekodi lupu. Ile unaiunganisha na pedali ya MIDI (ya mguu, inayoipa programu amri): unakanyaga, inarekodi, unakanyaga tena, lupu inazunguka, na mikono haijatoka kwenye gitaa. Kugusa kioo kwa kidole chenye jasho katikati ya wimbo ni kujitafutia aibu.

Kinachoangusha wengi si programu, ni kuchelewa kwa sauti. Headphone za Bluetooth weka kando kabisa, tumia za waya. Mimi nilizitumia mara moja, kila tabaka likaingia nyuma ya ngoma, nikadhani nimesahau kuhesabu! Kwenye mipangilio, bafa (kipande cha sauti ambacho iPad inakusanya kabla ya kukichakata) ya sampuli 128 kwa 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 2.7 tu za kuchelewa. Sauti ikianza kukwaruza, panda 256.

Tableti ikiwa ya Android, jaribu programu ya Koala Sampler.