Maswali na Majibu: Kufunga Mzigo Ndani ya Hiace

Swali: Ninabeba saruji na nondo kutoka Kariakoo hadi Kibaha kwa Hiace iliyotolewa viti. Utingo wangu husema mzigo mzito haufungwi, kwa kuwa uzito wake unaushikilia. Je, ni kweli? (Muuza vifaa vya ujenzi, Kibaha)

Jibu: Si kweli, ndugu yangu, na imani hiyo inahatarisha maisha yenu wawili mnaokaa mbele. Uzito unaoukandamiza mzigo sakafuni ndio huohuo unaousukuma mbele unapokanyaga breki ghafla; kwa hiyo, juu ya sakafu ileile, mfuko mmoja na rundo la mifuko huanza kuteleza kwa breki ya ukali uleule. Kiwango cha Ulaya cha kufunga mizigo ya malori, EN 12195-1, hutaka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake, na kwenda pembeni au nyuma kwa asilimia 50. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja kamili; kwa kipimo hicho, migongoni mwenu panahitajika kizuizi kinachoweza kuhimili msukumo wa kilo 800.

Hiace nyingi zinazoletwa kwetu hazina ukuta kati ya dereva na mzigo. Mtafute fundi akuwekee ukuta wa chuma uliofungwa kwa bolti kwenye mihimili ya gari, kisha upange mifuko ikiuegemea bila kuacha nafasi, kwa sababu mzigo uliopata hata sentimita 30 za kuteleza hugonga kwa nguvu kubwa kuliko ule ulioegemea tangu mwanzo. Tandika pia raba sakafuni, kwa kuwa bati tupu lenye vumbi la saruji huteleza sana. Ama nondo, nakusihi uziache: zenye mita 12, hata zikikunjwa katikati, hubaki na mita 6, ilhali Hiace nyingi hazifiki mita 5. Nondo ziende kwa lori.

Swali: Nachukua nyanya Ilula na kuzipeleka Morogoro. Nikishuka mlima Kitonga, matenga ya juu huja mbele. Nifanyeje? (Dereva, Iringa)

Jibu: Safu ya juu huja mbele kwa sababu haina kinachoizuia. Panga matenga yabanane kutoka ubavu hadi ubavu, na mapengo yazibwe kwa magunia yaliyojazwa pumba au kwa vipande vya mbao. Safu yoyote inayopanda juu ya viti iwe na wavu au ukuta mbele yake. Usipokuwa nao, punguza safu, hata kama faida ya safari itapungua. Usisahau upande wa nyuma: unaporudi na mzigo mwingine ukipanda mlima huohuo, uzito wote huelemea mlango, na kitasa cha mlango hakikutengenezwa kubeba mzigo.

Swali: Je, naweza kutumia mipira ya tyubu kama bodaboda wanavyofanya? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Kwa kreti tupu inatosha, kwa mzigo mzito haifai, kwa kuwa mpira huvutika wakati uleule unaouhitaji ushike. Nunua mikanda ya poliesta yenye kifaa cha kukazia, na usome lebo yake: uwezo huandikwa kwa daN, na daN 1 hukaribia uzito wa kilo moja. Mkanda unaopita juu ya mzigo hukandamiza vizuri zaidi ukishuka karibu wima. Ukilala hadi nyuzi 30 kutoka sakafuni, nusu tu ya mvuto wake ndiyo inayokandamiza. Weka kipande cha raba au kadibodi nene kwenye kona kali zisiukate. Mzigo hujishindilia barabarani na mkanda hulegea, kwa hiyo simama baada ya kilomita chache ukaze upya.

Swali: Mitungi ya gesi ya kupikia niilaze ili isianguke? (Mama muuza gesi, Tanga)

Jibu: Hapana, mama. Isimame wima, vali zikiwa na vifuniko, na ifungwe pamoja kwa mkanda ikiegemea ukuta wa gari. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hujikusanya sakafuni. Safiri madirisha yakiwa wazi, mtu yeyote asivute sigara ndani, na ukifika ishushe mara moja badala ya kuiacha garini usiku kucha.