Kabla hujazuia saa kwenye chipu: ushauri kwa wanaoanza

Ripoti ya kwanza itakayokufurahisha katika kazi ya kubuni chipu ni ile inayosema kwamba rejista nyingi (vihifadhi vidogo vya biti ndani ya chipu), pengine tisa kati ya kumi, tayari zina kizuizi cha saa: kisakiti kinachozuia mapigo ya saa, ule mdundo unaoiongoza chipu, yasifike kwenye rejista isiyo na kazi. Isikulevye. Ripoti hiyo inakuambia vizuizi viko wapi. Haikuambii vinafunga mara ngapi. Kizuizi ambacho ishara yake ya ruhusa ni 1 muda wote, yaani hakifungi kamwe, hakiokoi kitu, tena kinakula umeme wake na nafasi yake kwenye silikoni.

Kwa nini tuisumbue saa na si kitu kingine? Umeme unaoliwa na waya unaopanda na kushuka kati ya 0 na 1 hutegemea kapasitansi yake (uwezo wake wa kubeba chaji), mraba wa volteji, frikwensi, na waya huo hubadilika mara ngapi. Waya wa data unaweza kutulia mizunguko mingi. Wa saa hautulii, na umetandazwa hadi kwenye kila rejista. Chukua Alpha 21064 ya kampuni ya Digital ya Marekani, ya mwaka 1992. Saa yake ya megahezi 200 ilisukuma mzigo wa nanofaradi 3.25 hivi kwa volti 3.3. Zidisha mwenyewe: ni kama wati 7, katika chipu iliyokula takriban wati 30. Ndugu yake wa baadaye, 21264, alikuja na saa zenye masharti: sehemu isiyo na kazi hunyimwa mapigo.

Unapoandika kwenye Verilog, lugha ya kuelezea sakiti, kwamba rejista ipokee data mpya pale tu ruhusa ikiwa 1, programu ya usanisi, inayogeuza maandishi hayo kuwa sakiti, ina njia mbili. Inaweza kuirudishia rejista thamani yake ya zamani kila pigo, saa ikiendelea kupiga bure, au ikakata pigo lenyewe. Ukiwasha chaguo la kuzuia saa, itakata pigo kwa kundi zima la rejista zinazotumia ruhusa moja. Rejista iliyo peke yake kwa kawaida huachwa, maana kizuizi kingekula zaidi ya kinachookolewa.

Ila usipitishe saa kwenye geti ya AND, ile inayotoa 1 pale tu viingizo vyake vyote vikiwa 1, kwa mkono wako. Ruhusa hutoka kwenye mantiki, na mantiki hutikisika kabla ya kutulia. Ikitikisika wakati saa iko juu, AND itatoa kipande cha pigo. Rejista moja itakiona, jirani yake hatakiona. Hitilafu ya namna hiyo huonekana Jumatatu na kupotea Jumanne. Ndiyo maana seli rasmi ya kizuizi, ICG, ina lachi (kihifadhi cha biti moja chenye mlango) kabla ya AND: lachi huwa wazi saa ikiwa chini na hufunga saa inapopanda, hivyo ruhusa haibadiliki katikati ya pigo. Maktaba huria ya seli za SkyWater, kiwanda cha chipu, ya nanomita 130 inayo, kwa jina dlclkp. Ifungue uitazame. Iko pia yenye pini ya ziada ya majaribio, nayo usiipuuze: mnyororo wa kupimia chipu kiwandani hukwama mahali saa ilipozuiwa.

Kwenye ruhusa ndipo mbunifu anapolipwa mshahara wake. Programu huiona ruhusa uliyoandika. Haijui kwamba kizidishi chako hutumika mara moja tu kwa kila fremu, wala kwamba data iliyofika hatua ya tatu ya hesabu ni takataka ikiwa alama ya uhalali, inayosema kama data ni ya kweli, ni 0. Wewe unajua. Iache alama hiyo isonge kila pigo, kisha rejista pana za data ziruhusiwe nayo. Alama ni biti moja, data ni biti 64. Halafu jiulize: moduli nzima hulala lini? Kizuizi kimoja karibu na shina la mti wa saa (mtandao wa waya unaosambaza saa) hunyamazisha matawi yote, ilhali vizuizi vya majanini huyaacha matawi yakipiga. Gharama yake ni muda. Kizuizi cha shinani hupata pigo mapema kuliko rejista, kwa hiyo ruhusa nayo sharti iwahi. Ikitoka mwisho wa mantiki ndefu, haitawahi. Ikokotoe mzunguko mmoja kabla.

Pima kwa kazi halisi. Endesha simulesheni ya kile chipu itakachofanya, pamoja na muda wake wa kukaa bure, kisha kagua ruhusa mojamoja. Ile iliyo 1 karibu kila mzunguko ama iandikwe upya, ama iondolewe.

Kwenye FPGA, chipu ambayo sakiti zake hupangwa upya na mtumiaji, mambo ni mengine: saa ina njia zake maalumu, usiitoe humo. Tumia pini ya ruhusa ya flipu-flopu (rejista ya biti moja), au BUFGCE, bafa ya saa yenye ruhusa, kwenye zile za Xilinx.

Huna programu za kubuni chipu? Bodi ya bei nafuu inatosha kuanzia. Kwenye STM32, familia ya kompyuta ndogo za chipu moja, saa za vifaa vingi vya ndani huwa zimezimwa baada ya kuwasha. Ndiyo sababu anayeanza huandika kwenye rejista za pini na kusiwe na lolote, mpaka aruhusu saa kupitia RCC, sehemu inayosimamia saa. Kwenye ATmega328P, kompyuta ndogo nyingine ya aina hiyo, chezea biti za PRR, rejista ya kuvikatia saa vifaa vya ndani, huku multimita ikisoma mkondo. ADC yake (kigeuzi cha analogi kuwa dijitali) izime kwanza kabla ya kuikatia saa, la sivyo sehemu yake ya analogi itaendelea kuvuta mkondo bila kufanya kazi. Transista nazo huvuja hata pigo lisipofika. Mvujo huo huisha kwa kukata umeme wenyewe, na umeme ukikatwa rejista husahau kila kitu, kwa hiyo amua mapema thamani zipi zihifadhiwe, na wapi.