Unataka kuwa fundi wa meno bandia? Soma haya kabla ya kujaza fomu

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yanapotangazwa, simu yangu hujaa vijana na wazazi wenye swali lile lile: hiyo kazi yako ya meno inasomewa wapi, na je, inalipa? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hivyo leo naandika tumalizane. Mimi ni fundi sanifu wa meno, naishi na kufanya kazi Mombasa, nilisomea Nairobi.

Tuondoe utata kwanza. Fundi sanifu si daktari wa meno. Daktari husoma chuo kikuu miaka 5 na ndiye anayemlaza mgonjwa kwenye kiti. Afisa wa afya ya kinywa ya jamii naye ana diploma yake, na hukutana na wagonjwa. Sisi tunakaa chumba cha nyuma, penye vumbi la jasi na harufu ya akriliki (plastiki ya meno bandia), tukitengeneza meno ya kuvaa na kuvua, krauni (kofia za kufunika jino lililoharibika), madaraja (meno ya kuziba pengo yanayoshikwa na meno ya jirani) na vifaa vya kunyoosha meno, kwa ajili ya vinywa ambavyo mara nyingi hatutaviona kamwe. Ugumu wa kazi hii wote uko hapo. Ukipotoka kidogo tu, mtu usiyemjua atatafunia upande mmoja, na hutakuwepo kujitetea.

Kwa Kenya, njia inayojulikana ni diploma ya teknolojia ya meno pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, kampasi ya Nairobi, miaka 3. Wanataka alama ya wastani ya C, pamoja na Biolojia na sayansi nyingine. Masharti ya somo moja moja yasome kwenye tangazo la mwaka wako, usitegemee alivyokwambia binamu yako. Na usome jina la kozi mpaka mwisho. Hii na ile ya afya ya kinywa ya jamii hukaa jirani kwenye orodha, lakini moja itakupeleka kwa wagonjwa na nyingine itakupeleka kwenye nta na moto.

Wengi hudhani mtihani mkubwa ni vitabu. Vitabu vipo, na Kemia utakutana nayo tena kwa sura nyingine. Lakini kinachowatenga wanafunzi mapema ni mikono na macho. Utafundishwa kulitambua kila jino kwa namba: 11 ni la mbele, juu kulia, 36 ni gego la kwanza la chini kushoto. Kisha utapewa kipande cha nta na kisu, uambiwe ulichonge. Gego la kwanza la chini lina vilele 5, yaani vile vinundu vya kutafunia. La juu lina vinne vikubwa, na baadhi ya watu wana kijilele kingine upande wa kaakaa, ambacho kimepewa jina la Carabelli, daktari wa meno wa Austria. Mwanafunzi aliyekariri maneno haya bila kuyaona kwa vidole hutoa jino linalofanana na kokoto.

Kwa hivyo wewe unayesubiri barua ya kujiunga, usikae bure. Nunua mche wa sabuni, tafuta picha za jino zilizopigwa pande zote tano, uchonge ukubwa wa mara tatu au nne. Anza na chonge, maana umbo lake ni rahisi kulisoma, kisha nenda kwenye gego. Ukiona unasahau kula, kozi hii ni yako. Ukiona unaangalia saa, bora ujue sasa, karo haijalipwa.

Sasa nije kwenye jambo ninalotamani wote wanaomaliza chuo walijue: kipimo. Daktari huchukua umbo la meno ya mgonjwa kwa alijineti, ule uji wa rangi unaoganda mdomoni kama ufizi mwingine. Alijineti ina maji mengi. Ukiiacha wazi inakauka na kusinyaa. Ukiitumbukiza majini inanyonya na kuvimba. Inafaa imiminiwe jasi haraka, ndani ya robo saa hivi. Huku Pwani kuna kliniki zinazokifunga kipimo kwenye karatasi yenye unyevunyevu na kukipakia kwenye basi kutoka Malindi. Kikifika kwangu kinapendeza, kimenyooka, na ni cha uongo. Meno yatakayotengenezwa juu yake yatakaa vizuri sana kwenye jasi na yatamkataa mgonjwa. Dawa yake ni kuiomba kliniki imimine jasi huko huko, wasubiri kama saa nzima kabla ya kuibandua, kisha watume sanamu ya jasi iliyokauka. Sanamu husafiri bila neno.

Na hapa kuna mambo ambayo chuo cha Nairobi chenye baridi hakitakuonyesha. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na chumvi kidogo huharakisha jasi kuganda. Ukikoroga kwa maji ya kisima, inakushikia kwenye bakuli kabla hujaitoa mapovu. Mimi hutumia maji yaliyosafishwa, na jasi naipima kwa mizani, sikisii kwa jicho. Joto nalo lina visa vyake. Meno hupangwa kwanza juu ya nta ili daktari ayajaribu mdomoni, na nta ya mchana wa Februari ikiachwa karibu na dirisha hulegea, jino likasogea taratibu bila wewe kujua. Kabla haijaondoka, itie kwenye maji ya baridi, na mwambie anayeipeleka asiiache kwenye gari lililoegeshwa juani.

Kipimo kikija kibovu, kikatae. Kusema hivi ni rahisi, kutenda ni shughuli, hasa ukiwa mgeni kazini na daktari ni mtu mzima mwenye jina mjini. Nakumbuka kliniki moja ilileta kipimo cha krauni kilichochanika pale pale ukingoni, mahali ambapo krauni hukutana na jino. Nikapiga simu.

“Daktari, samahani kukusumbua. Ukingo wa 46 umechanika, siuoni unapoishia.”

“We fundi, tengeneza tu, itaingia.”

“Kuingia itaingia, daktari. Kufunga ndiyo haitafunga.”

Akanyamaza, kisha akasema mgonjwa yuko mbali. Nikamwambia nitangoja. Mgonjwa akaitwa tena. Krauni yenye pengo ukingoni huruhusu mabaki ya chakula na vijidudu kuingia, jino likaoza chini kwa chini, na lawama ikirudi hurudi kwa fundi. Jifunze kusema “hapana” kwa adabu, ukitaja namba ya jino na tatizo lenyewe. Madaktari wazuri watakuheshimu kwa hilo. Wengine watahamia maabara nyingine, waache waende.

Rangi nayo ni hivyo hivyo. Kibao cha rangi cha VITA tunachotumia kina rangi 16, kutoka A1 mpaka D4, na fomu nyingi huja zimeandikwa “A2, haraka” basi. A2 ya nani? Wako watu waliokulia Bonde la Ufa, Nakuru na kwingineko, ambako maji yana floridi nyingi, na meno yao yana mabaka ya hudhurungi. Ukimwekea jino moja jeupe la kiwandani, kila akicheka watu wataliangalia hilo tu. Omba picha iliyopigwa mchana karibu na dirisha, kibao kikiwa kimeshikwa kando ya jino.

Afya yako usiichezee. Vumbi la maabara, hasa la ule unga wa kuzungushia nta ili kupata kalibu ya kumiminia chuma, lina silika, na silika ikiingia mapafuni miaka kwa miaka haitoki. Vaa barakoa ya maana, na pasipo na mashine ya kufyonza vumbi usikubali kusaga. Maji ya akriliki usiyaguse kwa vidole vitupu. Wapo mafundi ambao ngozi yao imeikataa akriliki moja kwa moja wakalazimika kuacha kazi. Na usiipike kwa pupa. Yale maji huchemka karibu na nyuzi 100, kwa hivyo ukiharakisha moto, mahali penye unene panajaa vishimo. Wengi wetu tunaacha joto kwenye nyuzi 70 na kitu kwa muda mrefu kabla ya kulipandisha.

Kompyuta? Ndiyo, jifunze. Krauni za zirkonia, ile kauri ngumu nyeupe, siku hizi huchorwa kwenye skrini, mashine ikazichonga kubwa kuliko zinavyotakiwa, kwa sababu zikiingia tanuri la nyuzi 1,500 hivi husinyaa karibu sehemu moja ya tano. Lakini anayejua kubonyeza bila kujua vilele vya gego atachora kokoto lile lile, safari hii kwa bei ghali.

Pesa sasa. Nafasi za kaunti ni chache, wengi wetu tunakula kwenye maabara binafsi, na malighafi karibu zote zinatoka nje, kwa hivyo dola ikipanda unaisikia. Kinacholipa kodi ya nyumba mwanzoni ni kukarabati. Meno ya juu huvunjika katikati, mzee huyaunga kwa supaglu, yakapinda, kisha anakuja. Kwangua gundi yote kwanza. Halafu uliza yamevaliwa miaka mingapi. Mfupa wa taya hupungua, meno yakaanza kuyumba juu ya kaakaa mpaka yakapasuka, na ukiyaunga bila daktari kuyaangalia upya yatarudi yamevunjika pale pale.

Utajaribiwa pia. Jirani atakuja usiku: “Mwanangu, daktari ni ghali, nitengenezee wewe tu.” Usipime mdomo wa mtu. Sura ya 253 ya sheria zetu, ile ya madaktari na madaktari wa meno, haikuruhusu kutibu, na chini ya ufizi ule unaouona mzima huenda kuna mizizi iliyooza ambayo hukufundishwa kuitambua.

Ukishasoma haya na bado unataka, tafuta maabara iliyo karibu nawe, uombe ukae kutwa nzima. Usiende asubuhi tu, wakati kila kitu ni safi. Kaa mpaka jioni, wakati kuna kazi za kesho hazijakamilika, umeme umekatika na simu ya daktari inalia. Kisha nenda nyumbani ukajaze fomu, au usijaze.