Jikoni kwa Shangazi: Nailoni imefunika, wali umechacha

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi uliopita nilinunua roli la nailoni ile nyembamba ya kufunikia chakula. Kwenye bakuli la kioo inashika vizuri. Kwenye sufuria na vyombo vya plastiki inaachia hata sijafunga mlango wa friji, lakini ikijigusa yenyewe, kuibandua ni kazi ya nusu saa. Juzi nikafunika nayo wali wa nazi uliobaki usiku, nikauacha mezani, asubuhi nakuta umechacha. Mama mkwe naye anasema nailoni hiyo ina sumu, nisimlishie mjukuu wake. Je, nimenunua mbovu?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mama mkwe, maana naona ndiye anayekukosesha usingizi kuliko wali. Hajakosea sana. Nailoni hizi si za aina moja. Zipo za PVC, ambazo hutiwa vilainishi ili zivutike na kunata, na vilainishi hivyo vinaweza kuhamia kwenye chakula, hasa chenye mafuta, hasa kikiwa cha moto. Wali wa nazi una vyote viwili. Zipo pia za poliethilini, ambazo hazihitaji vilainishi hivyo, ila mnato wake ni hafifu. Kwa jinsi yako inavyoachia sufuria, nahisi ni hiyo ya pili, lakini usinisikilize mimi, soma boksi. Tafuta herufi PE au namba 4 ndani ya pembetatu. Namba 3 ni PVC. Tafuta na kialama cha glasi na uma, kinachoonyesha kuwa imetengenezwa kugusana na chakula. Roli lisilo na boksi wala maandishi mie silichukui hata nikipewa nyongeza.

Mnato hafifu unavumilika. Futa ukingo wa chombo usiwe na mafuta, kwani nailoni na mafuta havipatani. Kwenye ukingo wa sufuria pitisha kidole kilicholoa maji kidogo tu, kisha ivute nailoni na kuibana pande zote. Chombo cha plastiki kifunike kwa mfuniko wake au kwa sahani, usijisumbue. Hilo la kujinatia lenyewe, liweke roli ndani ya friji. Ikiwa baridi inatulia na kukatika vizuri. Ncha ikipotea kwenye roli, ibandue kwa kipande cha selotepu, acha kucha zako.

Sasa wali. Mwaka wangu wa kwanza kupika shughuli, Tanga, nilipakua pilau kwenye masinia saa nane mchana, bado linafuka moshi, nikayazungushia nailoni yote ili wageni wa jioni walikute la moto. Nilijiona fundi. Tulipofunua, mvuke ulikuwa umegeuka matone na kunyesha juu ya pilau, na palipogusa nyama ya mafuta nailoni ilikuwa imejikunja na kuganda juu yake. Nilibandua kipande baada ya kipande huku bibi harusi akiulizia chakula.

Nailoni huzuia vumbi, nzi na kukauka. Haipoozi chakula, wala haiui kitu. Katika wali kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Ukiuacha kwenye joto la Dar usiku kucha, zinaamka na kuzaana humo humo chini ya nailoni yako. Na usidhani kuupasha moto asubuhi kungeuokoa, kwa sababu sumu wanayoacha haiondoki kwa moto. Wazee walisema funika kombe mwanaharamu apite, lakini huyu hapiti, yuko ndani. Wali uliobaki utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha ufunike na uuingize kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive. Pale mezani, wakati mnangoja wa mwisho kufika, kawa la ukindu linatosha: linapitisha mvuke na halihitaji namba kwenye pembetatu.

Ninapoitumia nailoni mwenyewe? Manda za sambusa kwanza. Kabla ya Ramadhani nazipanga kumi kumi, nazifunga mara mbili, zinaingia friza bila kukauka kingo. Madonge ya chapati yakipumzika. Nusu ya parachichi, ambayo nailoni lazima iilalie nyama yenyewe, maana hewa ndiyo inayoipaka weusi. Papa mkavu, hapana. Niliwahi kumfunga nailoni matabaka matatu, na bado siagi ikanuka papa kwa wiki nzima. Poliethilini huzuia maji vizuri, ila harufu inapenya. Papa anakaa kwenye chupa yenye mfuniko wa kukaza.

SWALI: Shangazi, jirani yangu hupika wali, akaufunika kwa rambo, kisha akaweka sahani na makaa juu. Nikitumia nailoni ya boksi badala yake, si ndiyo salama?
Msomaji, Morogoro

JIBU: La. Poliethilini huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115 hivi, na makaa yaliyo juu ya sufuria hayakuulizi nyuzi. Tumia jani la mgomba lililobabuliwa kidogo motoni, au foili. Rambo zenyewe zilikatazwa nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo muulize jirani anazitoa wapi. Nailoni ya kufungia chakula haikuguswa na katazo lile, lakini mabaki yake usiwashie jiko la mkaa. Ikiwa ni PVC, moshi wake una tindikali na sumu nyingine mbaya, na anayeinamia jiko kulipuliza ni wewe.