Maswali ya Wasomaji: "Siku Hizi Si Wewe Tena"

Barua tatu kati ya zilizotufikia zinazunguka jambo moja, yaani namna mtu anavyoweza kubadilika na bado akabaki mkweli kwa nafsi yake. Tumeziweka pamoja, na kwa kuwa ya mwisho ina uzito kuliko zile mbili za mwanzo, tumeipa nafasi kubwa zaidi.

SWALI: Kazini mimi ni mpole na mtu wa maneno machache. Nyumbani nacheka kwa sauti na kubishana, na nikiwa na marafiki wa utotoni nageuka kuwa mtu mwingine kabisa. Mfanyakazi mwenzangu aliyeniona katika mazingira mawili tofauti aliniambia kwamba mimi ni mnafiki. Je, mtu anaweza kuwa mkweli kwa nafsi yake ilhali ana sura tatu?

JIBU: Anaweza, na mwenzako ametumia neno zito mahali pasipolihitaji. Mnafiki hatambulikani kwa wingi wa sura zake bali kwa kile anachokificha nyuma yake: huonyesha mapenzi ili apate kitu ambacho asingepewa lau nia yake ingejulikana, na daima kuna mtu anayepata hasara kwa udanganyifu huo. Wewe unaponyamaza kazini, ni nani aliyedhulumiwa?

Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyekuwa pia mtaalamu wa uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1960 kuhusu nafsi ya kweli na nafsi ya bandia, na wengi wanaorudia maneno hayo husahau kwamba hakuilaani ile ya pili. Kwa mtu mwenye afya, alieleza, nafsi ya bandia huonekana katika adabu ya kawaida, ile hali ya kutotoa nje kila kinachopita moyoni, na kazi yake ni kuikinga ile ya kweli. Shida huanza pale kinga inapokimeza kinachokingwa, mtu akakosa hata mahali pamoja anapojihisi yu hai. Kwa maelezo yako, mahali hapo unapo, tena zaidi ya pamoja. Ningepata wasiwasi zaidi iwapo ungeniandikia kwamba u yule yule kila uendako, kwa sababu anayezungumza na mtoto, mgonjwa na mkubwa wake wa kazi kwa sauti ile ile aghalabu hamsikilizi hata mmoja wao.

Ukitaka kujipima, fikiria kwamba makundi hayo matatu yamekutana katika chumba kimoja nawe umo. Ukiona haya kidogo, hilo ni la kila mtu. Ukishikwa na hofu, kaa chini ukumbuke ni nani uliyemwambia nini.

SWALI: Nimesikia mara nyingi kwamba mwili wa binadamu hujijenga upya wote kila baada ya miaka saba. Kama ndivyo, hivi kweli yupo "mimi" wa kudumu ambaye naweza kuwa mwaminifu kwake?

JIBU: Hiyo ya miaka saba si kweli, ingawa haikutoka hewani. Chembe nyekundu za damu huishi kiasi cha siku 120, na utando wa ndani wa utumbo hufanywa upya katika muda wa siku chache tu, lakini seli nyingi za neva katika gamba la ubongo zina umri sawa na mwenyewe. Namna jambo hili lilivyopimwa inastaajabisha. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliijaza hewa ya dunia kaboni-14, yaani kaboni yenye mnururisho, ambayo ilianza kupungua baada ya mkataba wa mwaka 1963 kuyapiga marufuku majaribio ya angani. Seli inapozaliwa huhifadhi katika vinasaba vyake kiwango cha kaboni hiyo kilichokuwapo wakati huo, kwa hiyo mwaka 2005 mwanasayansi Jonas Frisén na wenzake nchini Sweden waliweza kukadiria umri wa seli kwa kupima kaboni iliyomo katika vinasaba vyake.

Hata hivyo swali lako halingojei maabara. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kuhusu meli ya makasia 30 ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kumkumbuka Theseus, shujaa wa hadithi zao, wakiondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni ile ile na hawa wakisema siyo. Mimi huona kwamba jibu hutegemea anayeuliza ana haja gani. Anayetafuta mbao za kale atasema meli ile haipo tena, lakini aliyetoa mkopo kwa dhamana ya meli hiyo hatakubali kuambiwa kwamba deni limeoza pamoja na ubao.

SWALI: Nina umri wa miaka 44. Kwa muda wa miaka 15 nilikuwa mtu wa kukubali kila kitu. Nikiombwa kusimamia shughuli, nilisimamia. Nikiombwa kukopesha, nilikopesha. Na palipokuwa na ugomvi, mimi ndiye niliyeitwa kupatanisha. Miaka miwili iliyopita niliugua kwa miezi mingi, na nilipopona nilijikuta siwezi tena. Sasa nakataa mialiko, simu nyingi sipokei, na mwisho wa wiki nakaa peke yangu na vitabu. Hata mtoto wa rafiki yangu niliyekuwa nikimfundisha hesabu kila Jumamosi nimemwacha. Marafiki wanasema, "Siku hizi si wewe tena," na dada yangu mkubwa amenikumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mimi naamini kwamba ndiyo kwanza nimekuwa mimi. Lakini kuna jambo linaninyima usingizi: kama huyu wa sasa ndiye mimi halisi, yule wa miaka 15 alikuwa nani, na je, niliwahadaa watu wote walionipenda?

JIBU: Ndugu yangu, tuanze na dada yako, kwa kuwa mkubwa hutangulizwa. Methali aliyokupa inasema asili, haikusema mazoea, na hayo mawili huchanganywa kila siku. Asili ni ulikotoka na waliokulea; kukubali kila ombi ni tabia uliyojifunza, na yaelekea uliishika kwa sababu kila ulipoitenda ulivuna sifa. Huwezi kuwa mtumwa kwa kuacha jambo lililokuwa likikutumikisha. Pamoja na hayo, usimjibu dada yako kwa ujanja huu wa maneno nilioutumia mimi hapa. Chini ya methali yake nasikia malalamiko mepesi zaidi, ya mtu aliyezoea kupiga simu ikapokewa.

Kuhusu marafiki sina mengi. Wengine wamempoteza rafiki na wengine wamempoteza mkopeshaji, na wewe unawajua kwa majina.

Maneno yako kwamba ndiyo kwanza umekuwa wewe ndiyo yanayonitia shaka. Mwaka 2013 wanasaikolojia Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha utafiti uliowahusisha watu zaidi ya 19,000 wenye umri wa kati ya miaka 18 na 68, na katika kila rika walikuta jambo lile lile: watu walikiri kwamba wamebadilika sana katika miaka 10 iliyopita, lakini walitabiri kwamba katika miaka 10 ijayo watabadilika kidogo tu. Kila mmoja alijiona amefika. Basi huenda ulipokuwa na miaka 29, ukihangaika na shughuli za watu, nawe ulijiona umefika, na huenda ukiwa na miaka 54 utamshangaa huyu anayejifungia na vitabu. Sisemi upweke wako si wa kweli. Nasema usiujengee ukuta wa mawe, maana hujui ni lini utahitaji kutoka.

Je, uliwahadaa? Sioni hivyo. Yako matendo mawili yanayofanana kwa nje ambayo ni wewe tu unayeweza kuyatenganisha: kuna mara ulizosaidia ukafurahi, na kuna mara ulizosaidia huku moyo ukinung'unika. Zile za kwanza zilikuwa za kweli na zitabaki kuwa za kweli, hata kama leo usingezirudia, kwa sababu furaha ya jana haibatilishwi na uchovu wa leo. Za pili zilikuwa na uongo mdogo ndani yake, nao ulianza kukudanganya wewe kabla ya kumfikia mwingine. Aliyetoka kwenye maradhi marefu huwa mwepesi wa kuyapaka maisha yake ya zamani rangi moja. Najua, kwa kuwa niliwahi kufanya hivyo kwa sababu nyepesi kuliko ugonjwa, na ilinichukua muda kukiri kwamba miaka niliyoiita ya kupotea nilikuwa nikiipenda wakati naiishi.

Lakini ninayo sababu nyingine ya kukuomba usiseme kwamba yule hakuwa wewe. Sentensi hiyo ni rahisi mno kwa anayeisema, kwa sababu asiyekuwa wewe hakuachii deni. Mwanafalsafa wa Uingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu, aliandika kwamba neno "mtu", kwa maana ya mwenye nafsi yake, ni neno la kisheria, linalohusu matendo na stahili zake. Yaani tunauliza kama huyu ni yule kwa sababu tunataka kujua ni nani anayepaswa kuwajibika. Sikubaliani na Locke kwa kila kitu, kwa kuwa aliitegemea mno kumbukumbu, nayo husahau, lakini hapo aligusa penyewe. Mabadiliko yanakupa haki ya kukataa ombi jipya. Hayakupi haki ya kuiacha ahadi ya zamani ife kimya kimya.

Na hapa narudi kwenye sentensi uliyoipitisha haraka kuliko zote, ile ya mtoto wa hesabu. Umesimulia habari zake kana kwamba ni mwaliko mmojawapo uliokataa, ilhali yeye hukumkataa, ulimpotea. Mtu mzima akikataliwa hukasirika, akauliza, akatafuta njia nyingine. Mtoto aliyezoea kufundishwa kila Jumamosi, kisha mwalimu asionekane na asiambiwe sababu, hatawaza habari za maradhi yako wala utafutaji wako wa nafsi. Huenda akaamua kwamba ameachwa kwa sababu hafundishiki. Ukitaka kujua iwapo huyu wa sasa ni mkweli kuliko yule wa zamani, sidhani kama utaliona jibu kwa kujitazama ndani. Litaonekana katika namna utakavyomaliza jambo hili, kwa kuwa yule wa zamani, pamoja na udhaifu wake wote, angalau alifika.

Si lazima uendelee kumfundisha. Unaweza kumpa idadi ya wiki unazozimudu na kusema wazi kwamba baada ya hapo unaacha, au ukamtafutia mwalimu mwingine na kukaa nao kikao cha kwanza ili makabidhiano yawe ya heshima. Unaweza pia kumwambia kwamba huwezi kabisa, mradi uyaseme hayo mwenyewe, mbele yake, bila kumtuma mzazi wake akusemee. Wadai wengine wa ahadi zako, wakiwamo uliowaahidi mkopo na waliokungoja, utawafikia mmoja mmoja kwa kadiri ya nguvu zako, na wengi utagundua wamekwisha sahau. Huyu hajasahau. Nenda Jumamosi hii, mweleze kwamba uliugua na kwamba kosa halikuwa lake, kisha mwombe afungue daftari akuonyeshe mlikuwa mmefikia wapi.