Sailensa kupanda na kushuka yenyewe

Kama sailensa (mzunguko wa injini ikiwa imewashwa bila kupewa mafuta) inapanda yenyewe halafu inashuka karibu kuzima, na ukivuta choki (ile inayopunguza hewa ili mafuta yazidi) kidogo inatulia, basi injini inapata hewa nyingi mafuta kidogo, usikimbilie kubadilisha plagi. Anza na ule mpira kati ya kabureta (inayochanganya hewa na mafuta) na injini, ukipasuka au bolti zikilegea inavuta hewa ya pembeni, puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo tu pale kwenye maungio huku inaunguruma (mbali na ekzosi jamani, inawaka ile), mlio ukibadilika umeshampata mchawi. Mpira ukiwa mzima fungua kabureta uzibue jeti ndogo (kipande chenye tundu la kupitisha mafuta), hiyo jeti ndo inalisha sailensa na tundu lake ni dogo mno, puliza kwa upepo usichokonoe na waya.