Amsterdam hadi London: kilomita 370, mbona saa moja na dakika 20?

SWALI: Natoka KIA kwenda kumwona binti yangu London, nabadilisha ndege Amsterdam. Ramani inasema kutoka Schiphol hadi Heathrow ni kilomita 370. Kwa ndege ya kilomita 800 kwa saa hiyo ni nusu saa tu. Lakini tiketi inaonyesha naondoka 10:00 nafika 10:20, dakika 20! Ya kurudi inaonyesha saa mbili na dakika 20. Nishike ipi? – Mama wa Moshi

JIBU: Usishike hata moja, Mama. Tiketi huandika saa za mahali ulipo, na Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja mwaka mzima, kwa kuwa zote hubadili saa kwa pamoja mwezi Machi na Oktoba. Ya kwenda ongeza saa moja, ya kurudi punguza saa moja. Zote zinakupa saa moja na dakika 20.

Hesabu yako ya nusu saa ni sahihi kwa ndege isiyopaa wala kutua. Zile kilomita 370 ni mstari mfupi kabisa kati ya viwanja viwili, na hakuna ndege inayoufuata ulivyo. Ndege hupaa ikielekea upepo unakotoka, hata kama safari iko upande mwingine, kisha inazunguka kuifuata njia yake. Tena chini ya futi 10,000 mwendo kwa kawaida hauzidi noti 250, yaani kilomita 463 kwa saa. Kwenye safari fupi hivi, ikimaliza kupanda haikai sana kabla ya kuanza kushuka. Ndiyo maana hewani peke yake huwa kama dakika 50.

Zilizobaki ni za chini. Muda wa tiketi huanza ndege inaposukumwa kutoka maegesho, na huisha inaposimama maegesho ya upande wa pili. Schiphol ina barabara sita za kuruka na kutua, na ile ya Polderbaan, iliyofunguliwa 2003, iko mbali kiasi kwamba ndege hutembea dakika 10 hadi 20 kati yake na jengo la abiria, ikivuka juu ya barabara kuu yenye magari. Abiria hutania kwamba London tunakwenda kwa barabara.

Heathrow nayo ina barabara mbili tu, na foleni ni ya kila siku. Ndege zitokazo upande wa Amsterdam mara nyingi husubiri eneo la Lambourne, kaskazini-mashariki mwa jiji, zikizunguka moja juu ya nyingine kwa kuachana futi 1,000. Ukiona bawa limeinama upande uleule mara ya pili, mmeingia foleni. Mashirika yanalijua hilo na hutenga muda wake kwenye ratiba. Siku foleni haipo, mnafika mapema.

Mkichelewa kuondoka dakika 40, usitegemee rubani azifidie hewani. Kwa umbali huu, kuongeza mwendo kunaokoa dakika mbili tatu tu. Mwambie binti afuatilie saa ambayo ndege imepaa kweli, aongeze kama saa moja, halafu akuhesabie na foleni ya uhamiaji.